Hapana, Hatusubiri Moyo Uwake Ndipo Tusali

Nimeambiwa tena. Safari hii alikuwa kijana mpole, mgeni, aliyekuja sinagogini kwetu kutusikiliza Sabato asubuhi, nami ndiye mwongoza sala. Tulipomaliza akanipa mkono, akasema: "Mwalimu, mnaimba vizuri mno. Ila naona mnasoma kitabuni mwanzo mpaka mwisho. Sala ya kweli si hutoka moyoni?" Nilimjibu kwa ufupi, maana watu walikuwa wanangoja kidushi, baraka ya divai baada ya sala, na tumbo langu lilikuwa linanguruma. Jibu refu ni hili, na kila atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Kwanza nieleweke: sigombani na moyo. Ninachogombana nacho ni mpangilio ambao watu wameugeuza amri ya kumi na moja. Eti moyo uwake kwanza, mdomo ufuate, mkono uje mwisho ukibahatika, na muziki kazi yake ni kuwa mafuta ya taa ya kuwashia. Wageni hutumia mpangilio huo kutuhukumu sisi watu wa siduri, yaani kitabu cha sala cha Kiyahudi. Vijana wetu wenyewe huutumia kubaki kitandani: "Leo sijisikii, nikija nitakuwa mnafiki." Imani ni moja, imevaa kanzu mbili.

Na shahidi anayeletwa ni yule yule kila mara: Hana. Mwanamke kafika Shilo na uchungu wake, hana kitabu, hana wa kumwongoza, anamimina roho yake mpaka kuhani Eli anadhani kalewa. "Unaona? Hakusoma popote!" Naona. Lakini tazameni marabi walivyomsoma. Katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, Berahoti 31a, Rav Hamnuna anazishika aya zile na kuzikamua sheria moja baada ya nyingine. Alinena moyoni mwake, basi anayesali sharti auelekeze moyo. Midomo yake ilicheza, basi maneno lazima yatamkwe kwa midomo, kuyawaza hakutoshi. Sauti yake haikusikika, basi ni marufuku kupaza sauti katika Amida, sala yetu kuu ya kusimama. Eli alimdhania mlevi, basi mlevi asisali. Yaani mama mnayemleta kutetea sala isiyo na utaratibu ndiye aliyetupa utaratibu wa Amida. Marabi waliyaona machozi yake, wakauliza midomo ilikuwa inafanya nini.

Shahidi wa pili: "Mwanadamu hutazama nje, Bwana hutazama moyo." Sawa. Maneno hayo Samweli aliambiwa akiwa amesimama mbele ya wana wa Yese akitafuta mfalme. Daudi alipoletwa, Samweli hakubaki kumsifia moyo wake mzuri. Alitwaa pembe ya mafuta akammiminia. Tuendelee.

Marabi huita nia ya moyo katika sala kavana. Kavana si joto. Kavana ni kuelekea. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, Berahoti 4:5, inamzungumzia mtu aliye juu ya punda na wakati wa sala umefika. Ashuke. Kama hawezi kushuka, ageuze uso kuelekea Yerusalemu. Kama hawezi kugeuza uso, auelekeze moyo wake Patakatifu pa Patakatifu. Aliyewahi kupanda punda kwenye kichochoro cha Lamu anajua kwa nini ilibidi sheria imfikirie asiyeweza kugeuka. Aya inayofuata inawachukua walio chomboni au juu ya chelezo: wao wauelekeze moyo tu. Sasa usome mpangilio wake polepole. Miguu kwanza, uso wa pili, moyo wa tatu, na moyo unaachiwa mzigo wote pale tu mwili uliposhindwa. Ni kinyume kabisa cha ninachohubiriwa kila Sabato.

Ndugu zangu Waislamu hapa hawanisumbui hata kidogo. Wao wanajua nia ya swala ni kujua unaswali nini, adhuhuri au alasiri, faradhi au sunna. Hakuna anayeambiwa alie kwanza ndipo aseme Allahu Akbar. Kwetu pia iko kavana kavu ya namna hiyo. Mtu anapita nyuma ya sinagogi siku ya Roshi Hashana, mwaka mpya wetu, akasikia shofari, pembe ya kondoo inayopulizwa. Je, ametimiza amri? Mishna inajibu: kama aliuelekeza moyo wake, ametimiza, kama hakuuelekeza, hakutimiza. Haiulizi kama alisisimka. Inauliza kama alijua kwamba sauti ile ni ya amri na ya kwake. Na hata hapo marabi hawakukubaliana: Rava alisema aliyepuliza kama muziki tu ametimiza. Shulhan Aruki, kitabu cha sheria cha Yosef Karo wa karne ya 16, kimeamua kwamba amri zinahitaji kavana. Hayo ni ya madarasani, nayapita.

Ipo kavana ya juu zaidi, na wapenzi wa moyo wanapoifikia hupiga vigelegele. Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, anaandika kwamba sala isiyo na kavana si sala, na kavana ni kuondoa mawazo yote moyoni na kujiona umesimama mbele ya Shekina, yaani uwepo wa Mungu. Msafiri aliyechoka anaambiwa asubiri mpaka akili itulie, hata siku 3. Safi sana. Lakini msiishie hapo. Karne ya 16, rabi Moshe Isserles wa Kraków anafikia swali la mtu aliyesali bila kavana na sasa arudie, na anaandika kwamba zama hizi haturudii, kwa kuwa hata mara ya pili huenda kavana isije. Nikisoma sentensi hiyo hucheka, kisha hunyamaza. Sijui kama ni huruma ya mwanasheria anayewajua watu wake, au ni kukata tamaa kulikopigwa muhuri. Vitabu vya kufundishia waongoza sala huipita haraka. Mimi nimeshindwa.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote uko katika Talmudi ya Yerusalemu, ambako wakubwa wenyewe wanaungama. Rabi Hiya anasema hajawahi kuwa na kavana maishani; siku moja alijaribu, akajikuta anawaza nani huingia kwanza mbele ya mfalme, yule mkuu wa Kiajemi au kiongozi wa Wayahudi wa uhamishoni. Shmueli anasema yeye alikuwa akihesabu vifaranga. Rabi Buni anasema alihesabu safu za matofali. Hawa si watoto wa darasa la Sabato, ni nguzo. Halafu anakuja Rabi Matnia: "Nakishukuru kichwa changu, kwamba kikifika Modim huinama chenyewe." Modim ni baraka ya shukrani ndani ya Amida, na hapo mtu huinama.

Mgeni wangu angesema huo ndio unafiki wenyewe, shingo inainama na mtu hayupo. Mimi naona kinyume chake. Mtu alitoroka katikati ya sala, akaenda kuhesabu tofali, na shingo iliyozoezwa kila siku ikamrudisha mbele za Mungu bila kumwomba ruhusa. Asingekuwa na shingo hiyo, angebaki ukutani na matofali yake. Kitabu cha amri cha Hispania ya karne ya 13, Sefer Hahinuki, kimelisema jambo hili kwa ufupi: mioyo huvutwa na matendo. Nalikubali, ila kwa shaka moja. Nimewaona watu walioinama kwenye Modim tangu ujana mpaka mvi na moyo haukuwahi kuifuata shingo. Hinuki haisemi mvuto huo huchukua muda gani, wala kama kila moyo huvutika.

Sasa niguni, wimbo wa sala usio na maneno. Hapa naomba nafasi, maana hapa ndipo hasa ninapoudhika.

Mtu akisoma nusu ukurasa kuhusu Wahasidi, wafuasi wa Baal Shem Tov aliyefariki 1760 huko Podolia, anakuja kwangu ameshaamua kwamba niguni ni kipindi cha sifa: anza taratibu, ongeza kasi, piga makofi, watu waruke, machozi yatoke, halafu sasa watu "wako tayari", ibada ianze. Nimewahi kuombwa kwa upole niongeze kinanda. Sabato! Nimeombwa pia niguni iwekwe maneno, "ili iwe na ujumbe".

Haina maneno kwa sababu shida ya mtu wa siduri ni maneno. Maneno anayo mengi mno. Ameyasema tangu utotoni, mdomo wake unayamaliza kabla akili haijafungua mlango. Ukimpa "ya-ba-bam" hana pa kukimbilia. Hawezi kuruka aya, hawezi kutangulia kumaliza, hawezi hata kujidai ameelewa. Anabaki na pumzi yake na ya jirani yake. Kwa hiyo kazi kubwa ya niguni, jinsi ninavyoiona mimi ninayekaa mbele, ni kupoza. Anayekuja sinagogi Ijumaa jioni ameshawaka tayari: foleni, bosi, kodi ya nyumba, simu aliyoizima mlangoni ikiwa katikati ya ugomvi.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Sisimami, nakaa. Naanza chini, chini kiasi kwamba safu ya nyuma inaanza kulalamika haisikii, na hilo ndilo nalitaka, kwa kuwa asiyesikia huinama mbele. Sehemu ya kwanza tunaizunguka pale pale, bila kupanda. Kwenye mzunguko wa pili mtu atapiga makofi. Yupo kila wiki, na kila wiki hulitangulia pigo. Simkatazi. Napunguza sauti tu, wengine wananifuata, makofi yanabaki peke yake uwanjani na kuona haya. Kisha sehemu ya pili inapanda, na hapo watu huachia sauti, wengine hufumba macho. Vizuri. Lakini waongoza sala wengi hukosea hapo hapo: wanawaacha watu kule juu kwa sababu kule kutamu. Kazi iko kwenye kushuka. Nairudisha sehemu ya kwanza, naishusha mpaka iwe mvumo wa puani, na kwenye noti ile ile, kwa mwendo ule ule, bila kusema neno lolote, naingia "Lehu neranena", zaburi ya kufungulia sala ya Ijumaa jioni. Ukitangaza ukurasa umeiua. Midomo iliyokuwa inakwenda bila maneno inajikuta inakwenda na maneno, kwa mwendo ambao maneno hayo hayakuwahi kupewa wiki nzima.

Kipimo changu si machozi. Napima kwa baraka ya kwanza ya Amida, ile inayowataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo, ambayo sheria inasema kavana ikikosekana kote basi angalau iwe hapo. Wameitamka polepole kuliko kawaida? Basi niguni imefanya kazi. Wamelia halafu wakaikimbiza? Tumeburudika.

Na wimbo wenyewe si lazima utoke mbinguni. Wahasidi husimulia kwamba rabi wa Nagykálló, Hungaria, aliupata wimbo wake maarufu kwa mchungaji wa mifugo, wimbo wa mapenzi, akauimba akimlilia Mungu na Yerusalemu. Sauti zilikuwa zile zile. Kilichogeuka ni upande.

Nusahi, yaani mahadhi ya kusalia, nitaigusa tu. Kila wakati una sauti yake: Amida ya siku za kazi haiimbwi kwa nusahi ya Sabato, wala ya Sabato kwa ile ya Roshi Hashana. Ukichanganya, watu wanapotea ukurasani hata kama maneno ni sahihi, kwa sababu masikio yao yameshajua saa ngapi. Mimi naipenda zaidi ile ya alasiri ya siku ya kazi, noti chache tu, kavu kama mkate wa jana; hakuna anayeweza kulewa nayo. Watu wa pwani wakisikia mahadhi yetu yaitwayo Ahava Raba huniambia "mbona hii taarab?" Hawajakosea: ngazi yake ni ya Hijazi, na Wayahudi wa Aleppo huongoza sala ya Sabato kwa makamu, ngazi za muziki wa Kiarabu, zile zile wanazozijua wapiga udi na kanuni, kila wiki makamu yake kufuatana na sehemu ya Torati inayosomwa.

Anayetaka kuona muziki na maneno vikiachana kabisa aje Kol Nidre, usiku wa Siku ya Upatanisho. Watu wazima hulia. Chukua tafsiri uone wanalilia nini: ni waraka wa kisheria wa kutangua nadhiri na viapo, kwa Kiaramu, umejaa visawe kama mkataba wa kukodisha shamba. Hakuna toba ndani yake, hakuna hata ombi. Yanayoliza ni sauti, saa, na kanzu nyeupe. Je, kilio hicho ni kavana? Hukumu yangu hubadilika kila mwaka. Ninachojua ni kwamba hakihesabiwi. Kesho yake asubuhi, matumbo yakiwa matupu, tunasomewa Isaya 58 inayouliza kama hii kweli ndiyo saumu Mungu aliyoichagua, kisha inataja anayoitaka: kuwagawia wenye njaa chakula chako, kuwaingiza maskini nyumbani, kumvika aliye uchi. Siku hiyo hiyo tunasoma kwamba toba, sala na tsedaka, yaani sadaka, huiondoa hukumu kali. Sala iko katikati. Kuna kitu kabla yake na kitu baada yake.

Talmudi inasema Rabi Elazari alikuwa akimpa maskini sarafu kwanza, ndipo akasali. Mpaka leo, asubuhi za siku za kazi, tukifika maneno "nawe watawala juu ya vyote" katika sala ya Daudi, kisanduku hupita na sarafu zikalia katikati ya wimbo. Mgeni husema zinaharibu utulivu. Ndiyo, zinauharibu.

Sala ya wagonjwa ndiyo inayonikosesha usingizi. Inaitwa Mi Sheberahi, na tangu mtunzi wa nyimbo Debbie Friedman aipe muziki wake mwishoni mwa miaka ya 1980, masinagogi mengi ya Marekani huiimba, na hata sisi tumeipokea. Wimbo ni mzuri. Majina yanatajwa, sauti zinatetemeka, watu wanashikana mikono, na kuna utulivu mtamu baada yake, kana kwamba jambo limekwisha. Hapo ndipo ninapoogopa. "Nia njema ni tabibu," waliniambia nilipolalamika. Tabibu gani asiyefika kwa mgonjwa? Talmudi, Nedarimu 40a, inasimulia kuhusu mwanafunzi wa Rabi Akiva aliyeugua na wasomi wasiende kumwona. Akiva akaenda, na kwa kuwa alifika, sakafu ya mgonjwa ilifagiwa na kunyunyizwa maji, naye akapona. "Rabi, umenihuisha." Ukurasa huo huo unasema asiyemtembelea mgonjwa hamwombei, si aishi wala si afe. Yaani hajasali. Aliyeimba vizuri kuliko sote huenda hajasali.

Siwezi kuthibitisha kwamba kuimba kunawapeleka watu hospitali. Siku nyingine nadhani kunawazuia: moyo umeshajisikia umefanya. Amosi alimsikia Mungu akisema aondolewe kelele za nyimbo na vinanda, haki itiririke kama maji, na siwezi kujifanya kwamba maneno hayo yaliandikiwa wengine.

Lakini nimeona pia kinyume chake, na tena si mbali. Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya ya Wayahudi iliyoanza na kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu mwaka 1919, walipigwa marufuku na Idi Amin na wakaendelea kwa siri. Mmoja wao, J. J. Keki, mwimbaji na mkulima, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001. Aliporudi alizunguka kwa majirani Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, amani tamu. Na wanauimba: nyimbo za wakulima kuhusu kahawa, bei ya haki na kuishi pamoja, mwimbaji mmoja Myahudi, mwingine Mwislamu, mwingine Mkristo. Ukiniuliza huo ni muziki wa sala au wa soko, nitakwambia nenda kawaulize, ila nunua kahawa kwanza.

Na tafadhali msiniletee rabi Abraham Joshua Heschel kama silaha. Ndiyo, baada ya kuandamana na Martin Luther King huko Selma, Marekani, mwaka 1965, kudai haki za watu weusi, alisema alihisi miguu yake inasali. Inanukuliwa na watu ambao hawasali kwa mdomo wala kwa miguu. Aliyesema hivyo alikuwa Myahudi wa siduri, aliyelelewa miongoni mwa Wahasidi wa Warszawa. Miguu yake ilikuwa na mahali ilipojifunzia.

Kwa hiyo, wanaokuja Ijumaa hii: fikeni mapema, niguni ikianza msiende kutafuta viti vya mbele. Sarafu zenu tieni kisandukuni kabla ya mishumaa, kwa kuwa baadaye hatugusi fedha. Majina ya wagonjwa tutayataja Sabato asubuhi, na kwa sababu hatuandiki siku hiyo, nimegundua kwamba ikifika jioni nusu yenu mmeshayasahau. Basi kuanzia wiki hii, Havdala, sala ya kufunga Sabato, ikiisha na kabla sijaanza wimbo wa wiki njema, karatasi itapita: jina la mgonjwa, wodi, na nafasi ya kuandika nani anakwenda siku gani. Isiporudi imejaa, sianzi kuimba.